Mshanana si Sari: Vazi la Heshima la Wanyarwanda na Namna ya Kulizungumzia kwa Kiswahili

Utangulizi

Makala haya yametokana na kosa letu wenyewe. Katika mtihani mmoja wa insha tuliwataka wanafunzi waeleze sherehe ya arusi waliyowahi kuhudhuria. Mwanafunzi mmoja akaandika kwamba bibi arusi alikuwa amevaa mshanana mweupe na kwamba shangazi zake nao walikuwa wamejitanda vizuri. Tulipofika hapo tulilizungushia neno "mshanana" wino mwekundu, tukaandika pembeni neno "sari", kisha tukamkata alama moja. Tuliamini kwamba tunasahihisha, kwani tulifikiri mwanafunzi ameshindwa kupata neno la Kiswahili na badala yake ameingiza la Kinyarwanda.

Baada ya kurudisha karatasi mwanafunzi huyo alitufuata nje ya darasa. Alisema, "Samahani, Mwalimu. Mama yangu hana sari. Sari huvaliwa na mke wa yule mwenye duka la vitambaa mjini. Mama ana mshanana." Tulimrudishia alama yake. Hata hivyo, muhula uliofuata, tuliposahihisha kazi nyingine inayohusu sherehe za jadi, wanafunzi 7 walikuwa wameandika "sari", kwa sababu walikuwa wameona karatasi ya mwenzao na kuamini wino wa mwalimu. Wawili kati yao leo ni walimu. Bila shaka na wao wana wanafunzi, na wana kalamu nyekundu.

Hivyo basi, tunanuia kueleza mambo matatu: kwanza, mshanana ni nini na huvaliwaje, pili, unatofautianaje na mavazi mengine ambayo watu huulinganisha nayo, na tatu, mwalimu na mwanafunzi wa Kiswahili nchini Rwanda watumie maneno gani wanapolizungumzia vazi hili. Mifano yetu mingi tumeichukua Niboye, katika wilaya ya Kicukiro, hapa Kigali.

Mshanana ni nini

Mshanana, ambao kwa Kinyarwanda huitwa umushanana, ni vazi la heshima la wanawake wa Rwanda. Si vazi la kwendea sokoni wala la kazini. Huvaliwa katika arusi, misiba, ibada na sherehe za kitaifa, na pia huvaliwa na wasichana wanaocheza ngoma za asili. Mwanamke akiutoa sandukuni na kuunyoosha kwa pasi, majirani hujua kwamba kuna jambo.

Vazi hili lina sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni kitambaa kirefu kinachofungwa kiunoni na kushuka hadi kwenye vifundo vya miguu. Kitambaa hicho hukusanywa kwa marinda, ili upana wake uonekane na ili mvaaji apate nafasi ya kutembea na kucheza. Kwa Kinyarwanda sehemu hii huitwa umukenyero. Ya pili ni kitambaa kingine kinachopitishwa chini ya mkono mmoja na kufungwa au kubanwa kwa pini juu ya bega la upande wa pili, kisha kikaachwa kining'inie mbele na nyuma. Sehemu hii huitwa umwitero. Kati ya hizo mbili, kifuani, huvaliwa blauzi ndogo au fulana ya kubana, aghalabu isiyo na mikono, ili bega lionekane chini ya mtandio.

Siku hizi mishanana mingi hushonwa kwa vitambaa vyepesi kama vile hariri, satini, shifoni na oganza. Kitambaa chepesi hupendwa kwa sababu mwendo wa mvaaji huonekana ndani yake: akitembea polepole, mtandio humfuata, akiinua mikono katika ngoma, kitambaa huinuka naye. Katika ngoma iitwayo umushagiriro wanawake huinua mikono kwa kuiga pembe ndefu na mwendo wa madaha wa ng'ombe aina ya inyambo. Anayetaka kufahamu kwa nini vazi limeacha bega moja wazi na mikono yote miwili huru, na aitazame ngoma hiyo.

Aidha, mafundi wa cherehani wamerahisisha uvaaji. Zamani mvaaji alilazimika kujua kukunja, kukusanya na kukaza kitambaa kiunoni bila kukishona. Leo sehemu ya chini mara nyingi huja ikiwa imekwisha kushonwa marinda yake na kutiwa lastiki au zipu, hivi kwamba msichana asiye na mazoezi anaweza kuivaa peke yake. Wapo wazee wasiopenda jambo hilo. Hoja yao ni kwamba kukenyera ni ustadi, na ustadi usiofanyiwa kazi hupotea.

Kabla ya kitambaa

Mwanafunzi asidhani kwamba Wanyarwanda walikuwa na hariri tangu kale. Kabla ya vitambaa vya pamba kuenea, watu wa eneo hili walivaa ngozi na magome ya miti. Nguo ya gome iliitwa impuzu. Ilitengenezwa kwa gome la mti uitwao umuvumu, ambao ni wa jamii ya mkuyu. Gome lilibanduliwa, likapondwapondwa kwa nyundo ya mti mpaka likalainika na kutanuka. Utengenezaji wa nguo za namna hiyo unaendelea hadi leo kwa jirani zetu Waganda, na UNESCO iliutambua kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Vazi la ngozi ya ng'ombe la wanawake walioolewa liliitwa inkanda. Mzazi alivaa pia urugori kichwani, yaani taji lililotengenezwa kwa ubua wa mtama, kuwa alama ya heshima ya uzazi.

Vitambaa vya pamba viliingia kwa njia ya biashara iliyotoka pwani ya Afrika Mashariki, na baadaye kwa njia ya wamisionari na serikali za kikoloni. Pamoja na vitambaa yalikuja maneno. Ndiyo maana mpaka leo Kinyarwanda kina maneno igitambaro, igitenge, ishuka na ishati, ambayo mwanafunzi wetu huyatambua mara moja. Mwenda, yaani kitambaa, nao ulibadili mwili wa vazi bila kubadili umbo lake lote: mahali palipofungwa ngozi kiunoni pakafungwa kitambaa, na begani pakatupwa kitambaa kingine. Picha za Mwami Mutara III Rudahigwa, aliyetawala kuanzia 1931 hadi 1959, zinaonyesha namna vitambaa vyeupe vilivyofungwa begani vilivyokuwa vazi la heshima hata kwa wanaume. Mpaka leo bwana arusi wa Kinyarwanda, katika sherehe ya kuposa na kutoa mahari, hujifunga umwitero begani na kushika fimbo mkononi. Kwa hiyo mtandio wa begani ni wa wote, lakini mshanana kamili ni wa wanawake.

Niboye, siku ya arusi

Niboye ni mtaa wa makazi. Wakati wa likizo kubwa hazipiti wiki nyingi bila hema kusimamishwa katika ua au bustani fulani kwa ajili ya gusaba no gukwa, yaani sherehe ya kuposa na kutoa mahari. Wazee wa pande mbili hukaa wakitazamana, wasemaji wao hushindana kwa maneno ya busara na mzaha, na mahari, ambayo kiini chake ni ng'ombe, hutajwa na kukubaliwa. Bibi arusi haonekani mpaka maneno yaishe. Anapotoka huongozana na wasichana waliovaa mishanana ya rangi moja, na wengine hubeba agaseke, vile vikapu vyenye vifuniko vyenye ncha ambavyo vimo hata katika nembo ya taifa.

Mishanana hiyo ya rangi moja aghalabu si mali ya wavaaji. Huazimwa au hukodishwa, na ziko nyumba za biashara jijini ambazo kazi yake ni hiyo. Waswahili wana methali isemayo kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Hapa Kigali inasitiri vizuri sana, na mwalimu anaweza kuitumia methali hiyo darasani kuzua mjadala: je, methali inazungumzia nguo au inazungumzia tabia ya kujivunia kisicho chako?

Tuna jirani, mama mwenye umri wa kuitwa bibi, ambaye alikulia Bujumbura na kurejea Rwanda mwaka 1995. Kama wengi waliorejea kutoka Burundi, Kongo, Tanzania na Uganda, alirejea na Kiswahili chake. Mshanana wake ulikuwa wa mama yake. Ulikaa sandukuni uhamishoni miaka yote hiyo, ukavaliwa kwa nadra, na sasa huwaazima mabinti wa jirani wasio na uwezo wa kukodi. Tulipomsimulia habari ya karatasi ya mwanafunzi wetu, alicheka, kisha akatuambia kwa Kiswahili:

"Mwanangu, hii haivaliwi kama gauni. Kwanza unajifunga, halafu unajitanda. Sari ni ya Wahindi, na ni nzuri. Hii ni ya mama yangu."

Tulijifunza mambo mawili kwake. La kwanza ni kwamba Kiswahili cha mtaani kilikuwa tayari kina vitenzi tulivyokuwa tukivitafuta. La pili ni kwamba tulipofuta neno "mshanana" hatukufuta neno tu. Tulimwambia mtoto kwamba kilichomo sandukuni mwa mama yake hakina jina katika lugha tunayomfundisha.

Kwa nini si sari

Kufanana kwa mshanana na sari ni kwa macho tu. Yote mawili ni mavazi yanayofungwa kiunoni na kupita begani. Lakini sari ni kitambaa kimoja kirefu, kwa kawaida cha mita 5 hadi 8, ambacho huzungushwa kiunoni, kikapigwa marinda mbele, kisha ncha yake ileile ikapandishwa begani. Ukiufungua mshanana unapata vitambaa viwili. Ukiifungua sari unapata kimoja. Tofauti hiyo ni ya muundo, si ya mapambo.

Zaidi ya hayo, hata huko sari inakovaliwa watu hawaridhiki na jina la jumla. Wanawake wa jamii ya Newar, katika Bonde la Kathmandu nchini Nepal, wana vazi lao jeusi lenye pindo jekundu liitwalo haku patasi, ambalo huvaliwa katika sikukuu na ngoma pamoja na mtandio unaozungushwa mwilini. Mgeni akiliona atasema ni sari. Mwenyewe atalitaja kwa jina lake, kwa maana jina hilo linasema yeye ni nani na ametoka wapi. Ikiwa Wanewar, wanaoishi karibu na nchi ya sari, hawakuliacha jina la vazi lao, hatuoni sababu ya sisi kwenda kuazima jina kutoka mbali hivyo.

Vilevile mshanana usichanganywe na mavazi ya majirani zetu. Gomesi ya Uganda ni gauni lililoshonwa, lenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana. Jina lake hunasibishwa na fundi wa asili ya Goa aliyeitwa Gomes, mwanzoni mwa karne ya 20. Burundi wana imvutano, ambayo ni ndugu wa karibu wa mshanana. Katika Ankole, magharibi mwa Uganda, vazi la namna hii lipo na huitwa kwa jina hilihili la mshanana. Kanga ya pwani nayo huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili, kimoja cha kujifunga na kimoja cha kujitanda. Kwa mantiki ya uvaaji, basi, mshanana uko karibu zaidi na doti ya kanga kuliko sari. Tofauti ni kwamba kanga ni nguo ya kila siku na ya sherehe pia, tena ina maandishi, ilhali mshanana ni wa sherehe peke yake na haina maandishi sehemu zake.

Umbo la neno

Sasa tuje kwenye sarufi. Umushanana, wingi wake imishanana, ni jina la ngeli ya tatu na ya nne katika Kinyarwanda. Jina la namna hiyo linapoingia Kiswahili huacha irabu yake ya mwanzo, na kiambishi mu- hubaki m-. Linganisha umukeka na mkeka, imikeka na mikeka. Kwa hiyo umushanana unatupa mshanana, na imishanana inatupa mishanana. Upatanisho wake hauna taabu: mshanana huu umependeza, mishanana hii imependeza, amenunua mishanana miwili. Katika mazungumzo wengi hutamka "mushanana", na hatuoni haja ya kuwagombeza. Lakini katika maandishi sanifu tunapendekeza mshanana.

Majina ya sehemu zake mbili yanafundisha zaidi. Umukenyero unatokana na kitenzi gukenyera, kujifunga nguo kiunoni. Umwitero unatokana na kwitera, kujitupia nguo begani. Mwanafunzi atazame mwisho wa majina hayo: yote yanaishia kwa -o. Kiswahili nacho hufanya vivyo hivyo: kushona kunatoa mshono, kutega kunatoa mtego, kucheza kunatoa mchezo, kufunika kunatoa mfuniko. Mwanafunzi wa Kinyarwanda anaposhangaa kwa nini Kiswahili husema mshono na si mshona, aulizwe kwa nini lugha ya mama yake husema umukenyero na si umukenyera. Atajijibu mwenyewe.

Katika kwitera kuna jambo jingine. Kitenzi cha msingi ni gutera, ambacho miongoni mwa maana zake ni kutupa. Ile -i- inayoingia ni kirejeshi, kwamba mtu anajitendea mwenyewe. Kirejeshi hicho katika Kiswahili ni -ji-: kutanda na kujitanda, kufunga na kujifunga, kutupia na kujitupia. Makosa mengi ya wanafunzi wetu hutokea hapa. Huandika "mama alifunga kanga kiunoni" wakimaanisha alijifunga, na msomaji wa pwani huuliza: alimfunga nani?

Tutaje pia ile g ya gukenyera, gutera na igitenge. Katika Kinyarwanda, kiambishi chenye k hubadilika kuwa g pale silabi inayofuata inapoanza kwa konsonanti isiyo ghuna, kama t, k au s. Wanaisimu huiita Kanuni ya Dahl. Ndiyo maana tunapata igitenge lakini ikigori, gutera lakini kubona. Kiswahili hakina kanuni hiyo, na kwa hiyo ni kitenge na kutega. Mwanafunzi anayeandika "gitenge" hakuzembea; ameifuata kanuni ya kweli katika lugha isiyo yake. Tumweleze hivyo badala ya kumpigia mstari tu.

Maneno yanayohadaa

Msamiati wa mavazi umejaa maneno yanayofanana katika lugha hizi mbili lakini yasiyo na maana moja. Tumechagua machache ambayo hutokea mara kwa mara katika insha.

Kanzu. Kwa Kinyarwanda ikanzu ni gauni la mwanamke. Kwa Kiswahili kanzu, hasa leo, ni vazi refu la wanaume. Mwanafunzi akiandika "dada yangu alinunua kanzu nzuri ya kwenda arusini", msomaji wa Zanzibar atadhani dada amemnunulia mumewe.

Mpira. Kwa Kinyarwanda umupira ni mpira wa kuchezea, lakini pia ni sweta au fulana. Kwa Kiswahili hakuna anayevaa mpira kwa sababu ya baridi. Tuseme sweta au fulana.

Mwenda. Kwa Kinyarwanda umwenda ni nguo, na pia ni deni. Kiswahili cha zamani kinalijua neno mwenda kwa maana ya kitambaa, kama tulivyolitumia hapo juu, lakini deni ni deni. Aliyeandika "baba ana mwenda mkubwa" alitaka kueleza shida ya baba yake, si ukubwa wa shati lake.

Chaguwa. Hili limesafiri kinyume. Kinyarwanda kimechukua kitenzi cha Kiswahili chagua na kukifanya jina, caguwa, kwa maana ya mitumba, kwa kuwa sokoni mnunuzi huchagua katika rundo. Neno hili lilisikika sana mwaka 2016, serikali ilipopandisha ushuru wa mitumba ili kuinua viwanda vya nguo vya nchini. Katika Kiswahili sanifu tuseme mitumba.

Vitenzi vya kuvaa

Wanafunzi wengi wana kitenzi kimoja tu, kuvaa, na hukitumia kwa kila kitu. Si kosa, lakini ni umaskini. Kiswahili kina vitenzi na semi zinazoonyesha namna nguo inavyokaa mwilini:

Kujifunga: kuzungusha nguo kiunoni au kifuani na kuikaza. Mfano: Shangazi alijifunga sehemu ya chini ya mshanana, akayapanga marinda upande mmoja.

Kujitanda: kujifunika mabega au kichwa kwa nguo iliyotandazwa. Mfano: Wanawake walijitanda mitandio meupe.

Kujitupia begani: kuiweka nguo begani bila kuizungusha sana. Mfano: Mzee alijitupia shuka begani akatoka.

Kuvaa lubega: kupitisha nguo chini ya mkono mmoja na kuifunga juu ya bega jingine. Neno hili hutumika sana Tanzania kuelezea uvaaji wa Wamaasai. Nalo linaeleza barabara namna umwitero unavyofungwa.

Kujifunga kibwebwe: kujikaza kiunoni kwa kanga iliyokunjwa, kama wafanyavyo wanawake katika ngoma au kazi, na kwa maana ya ndani, kujitahidi sana.

Mwanafunzi akiwa na vitenzi hivi vitano anaweza kueleza uvaaji wa mshanana mwanzo hadi mwisho bila kuazima hata kitenzi kimoja. Jina la vazi ndilo pekee lisilokuwapo, na jina hilo tunalo.

Mapendekezo kwa walimu

Kwanza, tulipokee neno mshanana kama jina la vazi zima. Wapo wenzetu wanaohofia kwamba tukifungua mlango huu Kiswahili kitajaa maneno ya kila kabila. Hofu hiyo ina msingi, lakini jibu lake liko ndani ya Kiswahili chenyewe, ambacho kimepokea sari, leso, suti na gomesi bila kudhurika. Lugha hupokea jina pale kitu kinapokuwa na wenyewe na hakina jina jingine.

Pili, kwa sehemu za vazi hatuna haja ya kuharakisha. Maneno mkenyero na mwitero (wingi wake ungekuwa miitero, kama mwiba na miiba) yanafaa katika maandishi ya utamaduni yanayohitaji usahihi. Katika insha ya kawaida inatosha kusema kitambaa cha kiunoni na mtandio wa begani.

Tatu, zoezi. Mwalimu awaombe wanafunzi wamhoji mama, bibi au shangazi kuhusu vazi moja la heshima lililomo nyumbani: lilipatikana wapi, limevaliwa mara ngapi, nani ameliazima. Mahojiano yafanywe kwa Kinyarwanda, taarifa iandikwe kwa Kiswahili. Katika kazi ya namna hii mwanafunzi hawezi kunakili kutoka kitabu, na atalazimika kutafuta maneno.

Nne, tunaposahihisha, tuulize kabla ya kukata alama: je, neno hili la Kinyarwanda lina mwenzake katika Kiswahili? Likiwa naye, kama umupira na sweta, tusahihishe. Lisipokuwa naye, tutazame kama mwanafunzi ameliandika kwa kufuata sarufi ya Kiswahili. Yule wetu alikuwa ameandika mshanana mweupe. Alikwisha kuondoa irabu ya mwanzo, akapatanisha kivumishi na ngeli. Alikuwa amefanya kazi yote, na sisi tukamwekea alama ya kosa.

Hitimisho

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Kiswahili kikafanywa kuwa mojawapo ya lugha rasmi za nchi. Tangu hapo tumekuwa tukisema kwamba Kiswahili ni chetu. Lakini vitabu vingi tunavyofundishia vina minazi, majahazi na kanga, na havina milima, ng'ombe wa inyambo wala mshanana. Hatusemi kanga iondolewe. Mwanafunzi lazima aijue. Tunasema kwamba lugha huwa ya mtu pale anapoweza kuitumia kumtaja mama yake jinsi alivyokuwa siku ya arusi.

Kwa wale wanafunzi 7, wakiwemo wawili walio walimu sasa, makala haya ndiyo masahihisho yetu. Popote tulipoandika sari, futeni, muandike mshanana.